Kicheza muziki cha kifuniko kwa mgonjwa wa kusahau: chombo kizuri, ila hakijui kungoja

Nianze na uamuzi, mwenye haraka asome aende zake. Chombo hiki nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama mgonjwa wako bado anaweza kufunua kifuniko cha sanduku kwa mkono wake, na wewe una nafasi ya kukaa naye ubavuni, kinunue. Kama unatafuta kitu cha kumliwaza peke yake chumbani ili wewe uendelee na shughuli zako, hela yako itakuuma.

Jina la kampuni silitaji. Vyombo vya aina hii vina watengenezaji zaidi ya mmoja, na baadhi ya kasoro nitakazozisema huenda ni za hiki kilichoniangukia mimi. Lakini nimekifungua nikakiona ndani, kwa sababu kazi yangu ni ufundi wa redio na simu, na kwangu hakilali kitu ambacho bisibisi haijakigusa.

Ni sanduku la mbao lenye umbo la redio za zamani, zito kiasi, halitelezi mezani. Halina kioo wala taa za kumetameta. Ukifunua kifuniko, wimbo unaanza, ukifunika, unanyamaza. Chini ya kile kifuniko kuna kitufe kimoja kikubwa, na ukikibonyeza unaruka hadi wimbo unaofuata. Basi. Sauti inapandishwa na kushushwa kwa nyuma, mahali palipofichwa chini ya kibati chenye skrubu, ili mgonjwa asije akaipandisha mpaka mwisho halafu akashtuka mwenyewe. Nyimbo unaziingiza kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta, faili za MP3 za kawaida. Ndani kuna nafasi ya gigabaiti 4, ambayo inabeba nyimbo zaidi ya elfu moja. Intaneti haihitajiki.

Aliyebuni kile kifuniko lazima amewahi kukaa na mgonjwa. Kufunua sanduku ni kazi ambayo mikono imeijua tangu utotoni. Kugusa alama ya pembetatu kwenye kioo cha simu ni elimu ya juzi, na ugonjwa huu huanza kula yale ya juzi. Ninayemuuguza ni dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea. Mama Mkubwa alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, fundi wa kushona huku anaimba. Ana Alzheimer, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linasema huenda unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote vya dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili. Siku nyingi jina langu halipati, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake, nami naitika. Lakini sanduku nilipoliweka mezani hakungoja kuelekezwa. Alilivuta, akalifunua kutafuta sindano. Wimbo ulipoanza akasema, "Kumbe wamo," akasahau sindano.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua nyimbo, na hapo kijitabu cha maelezo kinakuachia mzigo wote. Kimeandikwa "weka nyimbo azipendazo," kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogezea taa. Haya, mtu asiyekumbuka kama ameoga leo ndiye wa kuulizwa anapenda wimbo gani? Kipo kipimo kizuri zaidi. Watu wazima wengi huwa na kumbukumbu nyingi zaidi za umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi: ule wa kubalehe, wa kazi ya kwanza, wa mapenzi na wa kuanza nyumba. Kwa hiyo aliyezaliwa mwaka 1946, mtafutie nyimbo zilizovuma kati ya 1956 na 1976, siyo zile unazodhani ni za kizee kwa kuwa zinakuchosha wewe. Shirika la Playlist for Life, lililoanzishwa Scotland mwaka 2013 na mtangazaji Sally Magnusson baada ya kumuuguza mama yake, linazielekeza familia kwenye miaka hiyohiyo. Ongeza na nyimbo alizorithi, zile za kubembelezewa na za kuchezea akiwa mtoto, ambazo huenda hazijawahi kurekodiwa. Mimi nilizipata kwa wenzake wa zamani wa chumba cha kushonea. Maneno wengine walikuwa wameshayapoteza, wakanivumia tu kwa pua nami nikarekodi.

Sasa, utajuaje kama wimbo umempata? Usimuulize "unaupenda?" Atakujibu ndiyo kwa adabu. Mimi natazama mguu. Wimbo ukimkolea Mama Mkubwa, mguu wake wa kulia unaanza kukanyaga pedeli isiyokuwepo: kisigino chini, vidole juu, vidole chini, kwa mwendo uleule, mwendo wa kushona pindo refu la shuka ambalo halina haraka. Wimbo ukienda kasi kuliko mguu, mguu unasimama, na punde macho nayo yanaenda dirishani. Kwa kuutazama ule mguu niligundua kwamba rekodi nyingi zina kasi mno kwa mtu anayetaka kuimba pamoja nazo. Nikaziingiza kwenye programu ya kuhariri sauti, nikazipunguza kasi kwa asilimia 10 hadi 15, nyingine nikazishusha noti kidogo pia, maana sauti ya mwanamke huelekea kushuka akizeeka na zile noti za juu alizozifikia akiwa binti sasa zinamkaba. Utangulizi wa ala nikaukata. Magitaa yakipigwa nusu dakika kabla ya neno la kwanza, yeye anakuwa ameshaondoka. Chombo kinazipokea faili zilizohaririwa bila matata. Hapo nakipongeza.

Spika nayo naipongeza. Ni moja, pana, imeelekezwa mbele, na inatamka. Uzeeni masikio hupoteza kwanza milio ya juu, ndiyo inayobeba herufi kama s, f na t; spika inayovumisha besi tu humfanya mzee asikie wimbo wote bila kusikia neno hata moja. Hii haina besi ya kutetemesha meza, na mimi nasema afadhali.

Kwa nini nyimbo zibaki wakati majina yameondoka? Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya mjini Leipzig, Ujerumani, walipima vijana wenye afya wakaona ni sehemu zipi za ubongo zinazofanya kazi mtu akisikia wimbo anaoujua siku nyingi. Kisha wakazilinganisha na picha za ubongo za wagonjwa wa Alzheimer. Zile sehemu zilikuwa zimesinyaa kidogo sana zikilinganishwa na nyingine. Mwimbaji Tony Bennett wa Marekani alibainika kuwa na Alzheimer mwaka 2016, na Agosti 2021, akitimiza miaka 95, alipanda jukwaani New York akaimba. Hiyo haina maana kwamba kila mgonjwa atafanya hivyo, dimenshia ziko za aina nyingi na nyingine huanza na lugha yenyewe. Ila usikate tamaa kwa sababu tu mtu amenyamaza wiki nzima.

Sasa nije kwenye lalamiko langu kubwa. Chombo hiki hakingoji.

Mama Mkubwa haimbi wimbo mzima. Anaimba mwisho wa mshororo. Mimi nikianza, "Haba na haba," nikanyamaza, nikamtazama usoni, nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi, mara nyingi kabla ya kumi anakuja na "hujaza kibaba," na uso unachangamka kwa kuwa amenimalizia, amenisaidia. Siku nyingine anajibu mara moja, siku nyingine nafika kumi na mbili, kumi na tatu. Ndio uhai wote wa jambo hili, kumwachia nafasi aingie. Rekodi haimwachii. Neno alilokuwa analitafuta linaimbwa na mtu mwingine kabla hajalifikia, na linalofuata, na linalofuata, kama basi lisilosimama kituoni. Akikosa matatu mfululizo, anafunga mdomo.

Nilijaribu kukifundisha. Nilirekodi sauti ya mama yangu akiimba zile nyimbo za utotoni mwao, kila mshororo nikaukatia neno la mwisho, nikaacha ukimya. Ilisaidia kiasi. Tatizo ni kwamba ukimya wa kwenye faili una urefu mmoja, na yeye hana urefu mmoja. Ukimya wa sekunde sita asubuhi ni mrefu, anauliza "amekwenda wapi?" Jioni ni mfupi. Mtu aliyekaa naye anaona midomo inavyoanza kukusanyika, anajua neno liko njiani, anasubiri. Kwa hiyo tunavyokitumia sasa ni hivi: anafunua mwenyewe, tunasikiliza ubeti mmoja, mguu ukishashika mwendo nafunika, na tunaendelea kwa midomo. Kile kifuniko cha kuzimia ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye sanduku zima, na sidhani kama waliokitengeneza walikusudia hivyo.

Ukishaanza kuimba kwa mdomo utagundua kwamba hata wimbo si lazima. Vina vinatosha. Waliosoma ushairi wanajua mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Vile vina vinambeba mgonjwa, maana sikio linajua neno linalokuja liishie vipi kabla akili haijalipata neno lenyewe. Kumvalisha nguo ilikuwa vita kila asubuhi. Nikamtungia haya, siyo mashairi ya kushindania tuzo:

Leta mkono wa kwanza, gauni lipate njia,
Wa pili nao waanza, kifungo chasubiria.

Mkono wa kwanza unapita kwenye "njia," wa pili kwenye "waanza," na kifungo tunakifunga pamoja kwenye neno la mwisho, ambalo siku hizi analisema yeye. Asubuhi moja nilifika "kifungo..." nikangoja. Akatazama kifua chake, akashika kitambaa, akasema: "kifungo kimepotea." Ni kweli kilikuwa kimepotea, kimebaki kiuzi tu. Hesabu mizani: nane. Mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani alibadilisha shairi langu papo kwa papo bila kulivunja mizani, na akanitazama kwa lile jicho la fundi anayeuliza nani ameshona takataka hii. Nikacheka, naye akacheka.

Hapo nikumbushe jambo ambalo ndugu wanaokuja kumtembelea hawalielewi. Kuimba naye wimbo wa utotoni si kumfanya mtoto. Kuna jamaa yetu akija anambinyia sauti na kumpigia makofi mbele ya pua. Mama Mkubwa humgeuzia uso, na ana haki. Imba kwa sauti yako ya kila siku, ukimkabili, televisheni imezimwa. Wimbo wa watoto mfuate nao kama ameuanzisha yeye.

Nirudi kwenye chombo, maana kasoro nyingine zipo na zinaudhi. Kitufe kina rangi ileile ya sanduku, kahawia juu ya kahawia. Macho ya mzee, tena mwenye dimenshia, hupata taabu kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, kwa hiyo kwake kitufe hakipo. Nilikibandika utepe mwekundu, akakiona siku hiyohiyo. Kitufe chenyewe kigumu. Vidole vyenye baridi yabisi vinakisukuma mara mbili kabla hakijakubali, kisha kinaruka nyimbo mbili. Nilifungua nikalegeza springi ndani, jambo ambalo si kila mnunuzi ataliweza wala hapaswi kulazimika kuliweza.

Betri hakina. Umeme ukikatika, au pini ya adapta ikichomoka, ambayo imelegea tangu siku kilipotoka kwenye boksi, chombo kinasahau kilikuwa wapi na kuanza tena wimbo wa kwanza. Kwa mgonjwa wa kusahau kuuziwa chombo kisahaulifu, sijui nicheke au nilie. Kwa hiyo wimbo wa kwanza kwenye orodha uchague kwa akili, utausikia kuliko mwingine wowote. Weka ulio mwepesi na usiohusu kifo. Wala usizijaze zile elfu moja. Mimi nina thelathini hivi, na ninazidi kupunguza.

Kuhusu kifo na machozi. Wimbo unaweza kufungua mlango ambao hukuupanga. Kuna mmoja ulimliza Mama Mkubwa kidogo halafu akatulia, akasimulia habari ya gauni la harusi alilomshonea jirani, huo nimeuacha. Kuna mwingine alilia, akasimama, akaanza kumtafuta mumewe chumba kwa chumba. Mumewe alishafariki. Huo niliufuta usiku uleule, hata kama ni mzuri kiasi gani. Machozi peke yake si kipimo, tazama yanampeleka wapi.

Boksi lake limeandikwa kwamba chombo "hurejesha kumbukumbu." Hakirejeshi, na mwenye kuandika hivyo angestahili kukaa na sisi dakika tano baada ya kifuniko kufungwa, asikie lile swali la saa ngapi likirudi palepale lilipoachwa. Ninachokiona mimi ni kwamba wakati wa wimbo na muda mfupi baada yake anakuwa mtulivu, akija kula baadaye anakula vizuri zaidi, na hanisukumi mkono. Kwangu hiyo inatosha, wala haikuhitaji kupakwa rangi.

Na si wakati wote. Jua linapozama na wasiwasi wake unapopanda, sanduku linamwongezea kelele. Wakati huo navuma polepole bila maneno. Wakati wa kula, chombo kimefungwa. Anayeimba na tonge mdomoni anaweza kupaliwa, na kumeza huzidi kuwa kugumu kadiri ugonjwa unavyoendelea. Bafuni kisiingie kabisa, ni chombo cha umeme. Huko tunatumia midomo.

Mtu ataniuliza, simu na spika ndogo si vingefanya kazi hiyohiyo? Kwa kucheza sauti, ndiyo, tena kwa bei nafuu. Lakini simu inaita katikati ya wimbo. Na ukitumia huduma ya bure ya intaneti, tangazo linaingia kwa kishindo. Mara moja sauti ya mwanamume asiyemjua ilimwuzia bima sebuleni, akaamka kwenda kumfungulia mlango. Kama ni simu, pakua faili, zima mtandao, ifiche kabatini iunganishwe na spika tu. Utakachokosa ni lile jambo la yeye kuanzisha wimbo kwa mkono wake. Wengi hudharau hilo. Mtu anayevalishwa, anayeogeshwa, anayeamuliwa saa ya kulala, kubakiwa na kitu kimoja anachokiwasha na kukizima mwenyewe si jambo dogo, na kwa sababu hiyo sijakiuza.

Ukinunua, nunua mapema, akiwa bado anatafuta vitu mezani na kuvifunua. Kiweke mahali pamoja, usikihamishe. Kabla hujakilipia, mwombe muuzaji akiwashe, kisha tikisa pini ya adapta pale nyuma. Pini ikiyumba, dai kingine.